Sarafu Zenye Kosa na Bei za Ndoto

Leo nataka tuzungumze habari za fedha, lakini si fedha ile ya kununulia unga na sukari. Nataka tuzungumze juu ya sarafu zilizokosewa kiwandani, na juu ya watu wanaozitia bei ambayo hata mwenye kiwanda angeisikia angeshangaa.

Kwa muda sasa nimekuwa nikipata barua na simu zenye swali la aina moja. Mtu ana sarafu kuukuu, pengine ameirithi kwa babu yake. Amefungua simu yake, akaingia katika mnada wa intaneti, akaona sarafu inayofanana na yake imeandikiwa maelfu ya dola, na kando yake pameandikwa maneno mawili: "kosa" na "adimu". Anauliza, je, niuze? Mwingine hana sarafu, bali ana fedha kidogo, naye anauliza, je, ninunue? Huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Mmoja wao alinieleza kwamba alikuwa tayari kutoa karo ya mwanawe ya muhula mzima ili apate sarafu mbili za Kiingereza, akiamini kwamba ataziuza tena kwa bei mara kumi. Nilimwomba asubiri kwanza. Mazungumzo ya leo ni jibu langu kwake na kwa wenzake.

Neno langu ni moja, nami nalisema mapema ili asiyeweza kukaa hadi mwisho aondoke nalo. Kosa la kweli la sarafu ni tukio la historia. Lina kiwanda chake, lina mwaka wake, na lina sababu inayoelezeka. Kosa lisilokuwa na historia hiyo ni mkwaruzo tu, na mkwaruzo hauongezi thamani ya kitu.

Tuanze kiwandani basi. Bamba la madini hukatwa visahani vya mviringo ambavyo havina maandishi. Kila kisahani huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa upande wa kichwa na mwingine wa upande wa pili, na pete ya chuma hukizunguka ili kisitanuke ovyo. Mihuri hukibana kwa nguvu kubwa, na kufumba na kufumbua sarafu imezaliwa. Mashine za siku hizi hupiga mamia ya sarafu kwa dakika moja.

Kazi ya kasi namna hiyo haikosi kasoro. Kisahani chaweza kukaa upande, picha ikapigwa nusu. Kisahani cha madini mengine chaweza kupotea njia na kuingia mahali pasipo pake. Muhuri wenyewe waweza kutengenezwa vibaya, ukawa na maandishi maradufu. Aidha, mihuri miwili isiyokuwa jozi yaweza kufungwa pamoja katika mashine moja. Makosa ya namna hii ndiyo yanayotafutwa na wakusanyaji wa sarafu duniani. Lakini angalia, msikilizaji, kwamba yote hutokea kabla sarafu haijavuka mlango wa kiwanda. Likitokea jambo baada ya hapo, sarafu ikakanyagwa na gari, ikaunguzwa na moto, au mtoto akaitoboa kwa msumari, hilo si kosa la kiwanda. Huo ni uharibifu.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni wa Marekani. Mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, shaba ilihitajika kwa risasi na zana nyingine za vita. Serikali ya nchi hiyo ikaamua kwamba sarafu ya senti moja, ambayo siku zote ilikuwa ya shaba, mwaka ule ipigwe kwa chuma cha pua kilichopakwa zinki. Zikapigwa senti nyeupe zaidi ya bilioni moja. Lakini visahani vichache vya shaba vya mwaka 1942 vilikuwa vimesalia katika vyombo vya kulishia mashine. Vikapita pamoja na vile vya chuma, vikapigwa tarehe ya 1943. Kiwanda cha serikali ya Marekani chenyewe kinakadiria kwamba zilizopo hadi leo ni kama 40 tu.

Mwaka 1947 kijana mmoja wa miaka 16, katika mji wa Pittsfield, jimbo la Massachusetts, alirudishiwa chenji katika mkahawa wa shule yao, akaiona moja ya senti hizo. Aliiuliza Wizara ya Fedha, akajibiwa kwamba mwaka 1943 hapakupigwa senti yoyote ya shaba. Hata hivyo hakuitupa. Aliitunza kwa zaidi ya miaka 70, na baada ya kifo chake ikauzwa mnadani, Januari 2019, kwa dola 204,000.

Hiyo ni habari ya kweli, nayo ndiyo iliyozaa uongo mwingi. Ulienea uvumi kwamba Henry Ford, yule tajiri wa magari, angempa gari jipya mtu yeyote atakayemletea senti ya shaba ya 1943. Uvumi huo haukuwa na ukweli wowote, na kampuni yake iliukana. Lakini watu wakorofi hawakungoja ukanushwe. Walichukua senti za chuma za mwaka ule wakazipaka shaba. Wengine walichukua senti za shaba za mwaka 1948, wakaikata namba 8 upande mmoja mpaka ikafanana na 3. Uongo huo ulikuwapo muda mrefu kabla ya intaneti, wala intaneti haikuuanzisha. Kilichobadilika ni mwendo wake tu. Zamani ulitembea kwa miguu, siku hizi unaruka.

Dawa yake ni rahisi. Chukua sumaku. Senti ya chuma, hata ikipakwa shaba namna gani, itanasa kwenye sumaku. Ya shaba haitanasa. Kisha ipime kwa mizani ya sonara: ya chuma ina uzito wa gramu 2.7, ya shaba gramu 3.11. Ikishapita vipimo hivyo viwili, ndipo umpelekee mtaalamu aitazame ile namba 3. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa fupi yake ni urefu wa sumaku.

Mfano wa pili nao ni wa Marekani, mwaka 1955, katika kiwanda cha Philadelphia. Wakati huo muhuri wa senti ulitengenezwa kwa kukandamizwa na kigezo cha chuma zaidi ya mara moja. Mwaka ule, kigezo kiliporudi mara ya pili muhuri ulikuwa umezunguka kidogo, hivyo ukatoka na tarehe na maandishi maradufu. Kila sarafu iliyopigwa kwa muhuri ule ikawa na maandishi maradufu. Kosa lilipogunduliwa, sarafu hizo zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nyingine nyingi nzima, ikaonekana kuzichambua ni hasara kuliko kuziachia. Zikatoka zaidi ya 20,000. Nyingi, inasimuliwa, zilionekana katika pakiti za sigara. Sigara katika mashine za kuuzia ziliuzwa kwa senti 23, mashine ikimeza sarafu ya senti 25, na chenji ya senti mbili ilikuwa imewekwa tayari ndani ya karatasi ya pakiti. Wavutaji walipata kosa la kiwanda pamoja na moshi wao.

Kosa lile la 1955 huonekana kwa macho matupu, wala huhitaji miwani. Lakini upo urudufu mwingine ambao si kosa la muhuri. Mashine ikilegea kidogo, muhuri hutikisika wakati wa kuachana na sarafu, na herufi zikapata kama kivuli bapa pembeni. Mtikisiko huo hupatikana katika sarafu nyingi mno, na wakusanyaji hawaupi thamani yoyote. Ajabu ni kwamba katika minada ya intaneti kivuli hicho hupigwa picha kwa karibu sana, kikaitwa jina lile lile la kosa la 1955, kikatiwa bei ya dola elfu moja au zaidi.

Hebu sasa tuingie katika minada hiyo. Mnada wa intaneti uliokuja kuwa mkubwa kuliko yote, yaani eBay, ulianzishwa Marekani mwaka 1995 na Pierre Omidyar. Wenyewe husimulia kwamba kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza, tena mbovu, nayo ilinunuliwa kwa dola 14.83 na mtu aliyesema kuwa anakusanya kalamu mbovu za namna hiyo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza soko hilo lilijua kwamba hata kibovu chaweza kumpata anayekitaka. Katika hilo hakuna ubaya. Ubaya huanza pale mtu anapomwambia mnunuzi kwamba ubovu wa jana ni ajabu ya kiwandani.

Uingereza walilionja jambo hili. Mwaka 2008 kiwanda chao cha sarafu, kilichoko Llantrisant katika nchi ya Wales, kilibadili picha za sarafu. Katika peni 20 ya zamani mwaka uliandikwa upande wa ua. Katika picha mpya mwaka ulipaswa kuhamia upande wa kichwa cha Malkia. Sasa fundi alipofunga mihuri, upande mmoja akafunga muhuri mpya usio na mwaka, na upande wa pili akafunga muhuri wa zamani wa kichwa, nao pia hauna mwaka. Sarafu zikatoka bila mwaka wowote, jambo ambalo halikuwa limetokea katika sarafu za matumizi za nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 300. Kiwanda kilikadiria kuwa zilikuwa kati ya 50,000 na 200,000.

Habari zilipotoka mwaka 2009, watu walikwenda mbio kuchungulia pochi zao. Mfanyabiashara mmoja alijitolea kununua kila moja kwa pauni 50. Katika minada ya intaneti bei zilipaa hadi maelfu ya pauni. Lakini homa ilipopoa, soko likarudi kwenye akili yake, na sarafu hiyo ikatulia katika makumi ya pauni. Hili ni kosa la kweli, kosa lililokubaliwa na kiwanda chenyewe, lenye historia iliyo wazi. Ikiwa lenyewe limetulia katika makumi, itakuwaje mkwaruzo wa barabarani udai maelfu?

Waingereza hao hao wana sarafu ya peni mbili. Tangu mwaka 1971, walipoanza kuhesabu peni 100 kwa pauni, hadi mwaka 1981, sarafu hiyo iliandikwa NEW PENCE, yaani peni mpya. Mwaka 1982 maneno yakabadilishwa, ikaandikwa TWO PENCE, peni mbili. Kisha mwaka 1983 zikatoka chache zenye maandishi ya zamani, nazo zilikuwa katika seti maalumu za wakusanyaji. Hizo chache, zenye tarehe ya 1983 na maneno NEW PENCE, ndizo kosa, nazo zina thamani. Lakini wauzaji wengi huchukua peni mbili ya 1971, wakaonyesha maneno NEW PENCE, wakadai maelfu. Sasa sikia hesabu: peni mbili zenye tarehe ya 1971 zilipigwa zaidi ya bilioni 1.4. Sarafu bilioni moja na zaidi, zote zikiwa na maandishi waliyokusudiwa kuwa nayo! Na hizo ndizo sarafu mbili ambazo yule ndugu yetu alitaka kuzitolea karo ya mwanawe. Zote mbili zilikuwa za 1971. Namshukuru Mungu kwamba alinipigia simu kabla ya kutuma fedha, na mtoto yuko darasani.

Utasema, hayo ni ya Wazungu. La, hata kwetu yapo. Mwaka 1916 Wajerumani waliotawala Tanganyika walikuwa wamezuiwa baharini na Waingereza, fedha haikuweza kuja kutoka Ulaya. Wakapiga sarafu zao katika karakana ya reli, Tabora. Walipiga ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, na walipiga ya shaba ya heller 20. Neno letu "hela" lenyewe limetokana na heller hiyo. Kazi ilikuwa ya haraka na vifaa vilikuwa duni, na mji wenyewe ulitekwa na majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo mwezi Septemba mwaka huo huo. Kwa sababu hiyo sarafu nyingi za shaba za Tabora ni za kienyeji mno: picha si sawasawa, na mihuri iliyopasuka imeacha mistari. Mistari hiyo ni ya kiwandani kweli. Lakini heller 20 za Tabora zilipigwa zaidi ya milioni moja, na mahali ambapo karibu kila kitu kina kasoro, kasoro si adimu tena. Sarafu hizo zinapendwa kwa sababu ya vita ile na mji ule. Anayekutoza zaidi kwa ajili ya ufa, anakuuzia kivuli cha mti huku mti wenyewe ni wa wote.

Mfano wa pili wa kwetu ni wa mwaka 1936. Mfalme Edward VIII wa Uingereza alitawala chini ya mwaka mmoja, kisha akaacha ufalme mwezi Desemba ili amwoe Wallis Simpson. Kule Uingereza sarafu zenye kichwa chake hazikuwahi kutolewa kwa umma, na zile za majaribio ni ghali mno. Pauni moja ya dhahabu ya namna hiyo ilinunuliwa kwa pauni milioni moja Januari 2020. Lakini huku Afrika Mashariki senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu katikati. Penye tundu hapakai kichwa. Liliandikwa jina lake tu, EDWARDVS VIII, na sarafu hizo zikapigwa kwa mamilioni mwaka ule ule wa 1936. Wazee wetu walinunulia chumvi. Nyingine zina herufi ndogo H au KN. Hizo nazo si kosa, bali ni alama za viwanda binafsi vya Birmingham vilivyozipiga, Heaton na Kings Norton. Muuzaji akiunganisha mambo haya mawili, mfalme aliye adimu na sarafu iliyo ya kawaida, anaweza kumfanya mtu aamini kuwa ameokota mamilioni chini ya godoro la bibi. Ukweli ni kwamba senti 10 hiyo hupatikana kwa dola chache tu.

Huenda ukauliza, kama bei hizo si za kweli, mbona zimeandikwa? Zimeandikwa kwa sababu kuandika hakugharimu kitu. Bei iliyoandikwa ni ombi la muuzaji. Mimi nikiweka kiti changu kibovu barabarani na kukiandikia shilingi milioni kumi, kiti hakitakuwa cha milioni kumi kwa sababu ya wino wangu. Bei ya kitu ni ile iliyokwisha kulipwa na mtu aliyekijua. Minada mingi ya intaneti huruhusu kutazama vitu vilivyokwisha kuuzwa, na huko ndiko kwa kutazama. Hata huko uwe na tahadhari, kwani wako wauzaji wanaomtuma rafiki apandishe dau, na wako wanunuzi wanaoshinda mnada kisha wasilipe. Mauzo mamoja ya ajabu si soko. Tafuta kumi, ndipo uone bei imekaa wapi.

Wako pia wenzetu wanaopata hasara kwa upande wa pili. Mzee ana sarafu nzuri ya kweli, anajiwa na mnunuzi mwaminifu mwenye bei ya haki, naye anakataa kwa sababu mjukuu amemwonyesha katika simu tarakimu yenye sifuri nyingi. Sarafu inarudi katika kopo. Kisha huja tapeli, anaikubali ile bei kubwa bila ubishi, ila anaomba fedha kidogo kwanza za kupimia madini. Fedha inakwenda, na tapeli haonekani tena. Msikilizaji, anayenunua kwa kweli hakuombi fedha. Yeye ndiye hutoa.

Basi, ukiletewa sarafu yenye kosa, muulize muuzaji maswali matatu. Kosa hili lilitokeaje kiwandani? Lilitokea mwaka gani, na kiwanda gani? Na sarafu kama hii ililipiwa kiasi gani mara ya mwisho, si kuombwa, kulipiwa? Mwenye sarafu ya kweli atayajibu kwa furaha, maana wakusanyaji wa kweli hupenda kusimulia. Ikiwa fedha ni nyingi, zipo kampuni za Marekani, PCGS ya mwaka 1986 na NGC ya mwaka 1987, zinazokagua sarafu kwa malipo na kuzifungia katika kasha lenye namba, na namba hiyo hukaguliwa upya, kwa kuwa hata makasha hughushiwa. Asiyeweza kujibu hata moja, mwache aendelee kutangaza. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sisemi mtu asikusanye sarafu. Kinyume chake, nasema akusanye. Senti yenye tundu ya mwaka 1936 inaweza kumfundisha mtoto habari ya mfalme aliyeacha kiti, na heller ya Tabora inaweza kumweleza kwa nini tunaita fedha hela. Elimu hiyo inapatikana kwa dola chache, na haiporomoki bei.

Tukutane tena juma lijalo, panapo majaaliwa. Kwaherini.